Robo Tatu Niliyoifuta

Swali la tatu lilikuwa na mistari miwili tu, na maswali ya mistari miwili ndiyo niliyoyaogopa kuliko yote. Elektroni imeandaliwa hadi spini yake iko juu kwenye mhimili wa z. Sasa inapimwa kwa mhimili mwingine, ulioinama nyuzi 60 kutoka z. Kuna uwezekano gani wa kupata "juu" tena? (Spini ni tabia ya asili ya elektroni inayoifanya iwe kama kisumaku kidogo; ukiipima kwa mhimili wowote, inajibu "juu" au "chini" tu.)

Nilikuwa mwaka wa pili. Maswali yalikuwa matano, ya kukusanywa kesho yake asubuhi kabla ya semina, na saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Mwenzangu wa chumba alimaliza yake tangu jioni na alikuwa amelala fofofo, uso ukutani, kuukwepa mwanga wa taa yangu.

Swali la kwanza nililimaliza kwa raha kwa sababu lilikuwa hadithi zaidi kuliko hesabu. Mwaka 1922, mjini Frankfurt, wanafizikia Otto Stern na Walther Gerlach walirusha atomu za fedha kutoka kwenye tanuri, zikapita katikati ya sumaku ambayo uga wake ni mkali upande mmoja na hafifu upande wa pili, zikatua kwenye kioo. Kama kila atomu ni kisumaku kidogo kinachoelekea popote kinapotaka, fedha ingetapakaa kiooni bila kuacha pengo. Haikutapakaa. Iligawanyika mara mbili, juu na chini, katikati patupu. Fedha ina elektroni 47; 46 kati ya hizo zinabatilishana, inabaki moja ya nje ambayo ndiyo inayoamua atomu nzima iende juu au chini. Kilichonichekesha ni kwamba wenyewe hawakujua kuwa wanaitazama spini. Wazo la spini ya elektroni lililetwa na wanafizikia wengine, Uhlenbeck na Goudsmit, mwaka 1925. Miaka mitatu jibu limo mkononi, jina lake halijulikani! Niliwacheka, nikageuza ukurasa.

Nikarudi kwenye nyuzi 60. Njia tuliyofundishwa ni ya matriksi, yaani majedwali ya namba. Unachukua matriksi za Pauli, zile zinazowakilisha spini kwa kila mhimili, ile ya z na ile ya x, unazichanganya kufuatana na pembe, unapata matriksi moja ya mbili kwa mbili. Kwa nyuzi 60 namba zake ni nzuri: juu kushoto nusu, chini kulia hasi nusu, na kwenye pembe mbili zilizobaki kipeuo cha pili cha 3 kikigawanywa kwa 2. Kisha unatafuta vekta, hapa namba mbili zilizopangwa juu na chini, ambayo matriksi hiyo ikiizidisha inairudisha vilevile ilivyokuwa. Niliiita sehemu yake ya juu a, ya chini b. Mstari wa kwanza ukasema: nusu ya a, jumlisha b mara kipeuo cha 3 kugawanya kwa 2, sawasawa na a. Ukiuhamisha huku na huku, b ni a kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 3. Kwa hiyo mraba wa b ni theluthi ya mraba wa a. Jumla ya miraba hiyo lazima iwe 1, na mraba wa a ndio uwezekano wenyewe unaoulizwa. Ukatoka 3/4.

Niliitazama ile robo tatu na moyo ukasita.

Kwa nini? Kwa sababu muhula uliotangulia tulisoma mwanga. Mwanga uliokwisha kupita kichujio kimoja cha polaraizesheni, kinachopitisha mtikisiko wa uelekeo mmoja tu, ukikutana na cha pili kilichoinama, kinachopita ni mraba wa kosaini ya pembe iliyo kati yao. Ni sheria ya Malus, na niliipenda kwa sababu ni fupi. Kosaini ya 60 ni nusu, mraba wake robo. Nami nilikuwa nimeshajiaminisha, bila kuambiwa na mtu, kwamba spini nayo ni vivyo hivyo: mshale, mhimili, mraba wa kosaini, basi. Robo.

Nilirudia matriksi mara ya pili. Robo tatu. Mara ya tatu nikaandika polepole kama mtoto anayejifunza herufi, nikitumaini kukuta alama ya kutoa niliyoisahau. Robo tatu. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kama sheria ya mwanga inahusika hapa. Mimi nilichukua kifutio. Nikafuta ile 3, nikapuliza vumbi la kifutio, nikaandika 1 juu yake. Kisha, ili kazi isijisaliti, nikapanda mistari mitatu nyuma nikabadilishana a na b. Huo ni udanganyifu, ingawa usiku ule niliuita kusahihisha.

Asubuhi mhadhiri msaidizi aliyesimamia semina alipitia karatasi akiwa amesimama. Alifika yangu, akaisogeza dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Hii tatu iliyofutwa ilikuwa na kosa gani?" akauliza.

Nikasema, "Mwalimu, haikukubaliana na sheria ya Malus."

Hakucheka, ningefurahi kama angecheka. Alinipa chaki. "Haya, itumie hiyo sheria yako. Usiweke 60, weka 180."

Nikaandika ubaoni. Kosaini ya 180 ni hasi 1, mraba wake 1. Nilikuwa bado na chaki juu ya ubao nilipoona nilichoandika. Mhimili ulioinama nyuzi 180 ni ule ule wa z uliopinduliwa kichwa chini miguu juu. Elektroni yangu iko juu kwa uhakika kamili, na mimi hapa natangaza kwa uhakika kamili huo huo kwamba ukigeuza kifaa, bado itasema iko juu. Nyuma yangu watu wakaanza kucheka.

"Sasa weka 90," akasema. Kosaini ya 90 ni sifuri: spini ya z haiwezi kamwe kuonekana juu kwenye x. Lakini kwa nini isiwe juu, iwe chini daima? Kushoto kwa x kuna nini kisichokuwepo kulia? Lazima iwe nusu kwa nusu. Hata bila matriksi hilo lilionekana.

Kumbe pembe inakatwa nusu kwanza. Ni mraba wa kosaini ya nusu ya pembe: kwa 60 unachukua kosaini ya 30, mraba wake 3/4. Kwa mwanga, hali mbili zinazopingana kabisa ni vichujio vilivyopishana nyuzi 90. Kwa spini zinapishana nyuzi 180, juu na chini. Ndiyo maana nusu. Mwalimu akaongeza jambo moja nililolipenda: chukua wastani wa vipimo vingi, juu ukihesabu 1 na chini hasi 1. Robo tatu toa robo ni nusu, yaani kosaini ya 60, kivuli kile kile ambacho mshale wa kawaida ungekiangusha kwenye mhimili ule. Kwa jibu langu la usiku wastani ungekuwa hasi nusu: mshale ulioinama kidogo tu, kivuli chake kinaanguka upande wa pili.

Sikupewa alama ya swali la tatu. Alinirudishia karatasi na kunionyesha swali la tano, nililoliacha tupu. Atomu zilizo juu kwa z zinapita kifaa cha x, zinazotoka juu kwa x pekee ndizo zinazoachwa ziendelee, kisha zinapimwa z tena. Kati ya zote zilizoanza, ngapi zitakuwa chini kwa z? Bila kifaa cha katikati hakuna hata moja. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, nikaweka 90, nikaikata ikawa 45, nikapata nusu, na nusu ya nusu. Nikaweka 0 na 180 kwenye fomula ile ile, kuona kama itaniumbua tena. Haikuniumbua. Safari hii jibu lilikuwa robo kweli, nikaliandika kwa wino.