Siku moja maishani mwangu: fundi wa mfumo, akili mnemba na katoni

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nikijibu "nasanidi mifumo ya biashara" wananyamaza. Nikisema "fundi wa mfumo" wanadhani natengeneza kompyuta. Kuna mtu alishawahi kuniletea printa. Kazi yenyewe iko hivi: kampuni ikinunua mfumo mkubwa wa kuendeshea manunuzi, ghala, mauzo, mishahara na hesabu, programu inakuja imeshaandikwa. Mimi siandiki programu. Najaza majedwali ya mipangilio, na majedwali yako maelfu: nani aidhinishe oda ya kiasi gani, mzigo ukiingia ghalani akaunti ipi idebitiwe na ipi ikreditiwe, kodi ipigweje, namba za ankara zianzie wapi. Sisi kwa sisi tunasema "kuseti". Si kazi ya jana. SAP, kampuni inayotengeneza mifumo hiyo, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM, na tangu mifumo ya namna hiyo ienee, kuna watu ambao riziki yao yote ni kujua kitufe kipi kikiguswa, nini kitavunjika upande wa pili.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika kama mtu, ifunguliwe kwa umma Novemba 2022 swali limebadilika. Programu za namna hiyo mimi naziita "mnemba" tu. Siku hizi naulizwa, "Na wewe bado una kazi?" Basi hii hapa siku moja, Jumanne iliyopita.

Saa 12:15 asubuhi. Kabla sijanawa uso naangalia kazi ambazo mfumo hujifanyia wenyewe usiku: taarifa za benki zimeingia, bei mpya zimepakiwa, hesabu za ghala zimefungwa. Zote za kijani isipokuwa moja, ambayo huwa nyekundu kila Jumanne na kila Jumanne naianzisha upya kwa mkono. Ipo siku nitaitengeneza.

Saa 2:00. Kikao cha timu, dakika kumi na tano. Tulikuwa sita, sasa tuko wanne. Hakuna aliyefukuzwa. Wawili waliondoka wenyewe, nafasi zao hazikujazwa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kazi kwa sasa ipo, tena nyingi, maana huduma ya kawaida ya toleo la zamani la SAP inakoma mwishoni mwa 2027 na kampuni zilizokuwa zikijivuta miaka yote zimeamka kwa pamoja kuhamia jipya. Baada ya hapo, tutaona.

Saa 3:00. Hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu wenzangu wengi wakisimulia hujifanya mnemba hana msaada. Nilikuwa na hati 60 za majaribio za kuandika: ingia hapa, andika hiki, tarajia kile. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya siku mbili, tena ya kuchosha akili bila kuinoa. Mnemba aliziandika zote kabla sijajinyoosha kitini. Nilikaa saa nzima kuzipitia, nikafuta kumi na moja. Moja ilikuwa inamwelekeza mtumiaji kwenye ukurasa wa mipangilio ambao haupo. Ulikuwa umepewa jina zuri, limekaa vizuri kabisa kati ya majina ya kweli, na mimi mwenye miaka yangu kumi na minne kwenye kazi hii niliutafuta dakika tano nzima nikidhani nimezeeka.

Saa 4:10. Ikaingia tiketi, yaani ombi la msaada kutoka kwa mteja. Kichwa chake: HARAKA SANA SANA. Mhasibu mkuu wa kampuni moja tunayoihudumia anasema ankara 41 zimezuiwa, mwezi unafungwa Ijumaa, msambazaji anatishia kusimamisha mzigo. Na chini ya malalamiko kuna kiambatisho: ukurasa mmoja na nusu wa mazungumzo yake na mnemba.

Nilisoma nikiwa tayari kucheka, nikashindwa. Maelezo yalikuwa safi. Mnemba alimweleza kwamba mfumo hulinganisha vitu vitatu: oda ya manunuzi, hati ya kupokea mzigo na ankara. Vikipishana kuzidi kiwango kilichowekwa, ankara inazuiwa isilipwe. Kwenu kiwango cha tofauti ya idadi ni asilimia 2, tofauti yenu ni asilimia 20, basi pandisheni kiwango kiwe asilimia 20 na ankara zote zitapita. Akampa na njia, menyu kwa menyu, mpaka kwenye kisanduku chenyewe. Niliifuata njia hiyo kwenye mfumo wa majaribio. Hakukosea hata hatua moja.

Nikampigia.

"Dada, nimeona tiketi yako. Naomba nusu saa niangalie chanzo kabla ya kugusa mipangilio."

"Chanzo nimeshakupa. Umesoma kiambatisho?"

"Nimesoma."

"Sasa nusu saa ya nini? Ni namba moja, kaka. Mbili iwe ishirini. Ningekuwa na ruhusa ningeibadilisha mwenyewe nikakuacha upumzike."

Hilo la kupumzika liliniuma, sitaficha. Zamani mteja alikuwa anakuja na shida, unamsikiliza, unatafuta. Siku hizi anakuja na jibu, na wewe unaonekana kizuizi kati yake na kitufe. Ukiuliza swali unaonekana hujui. Ukiomba muda unaonekana unajaza saa za kulipwa. Kibaya zaidi, mara nyingi jibu lake ni sahihi, kwa hiyo huna hata raha ya kumkosoa.

Dakika kumi baadaye akaitisha kikao mtandaoni. Tulikuwa tisa, na wa kumi alikuwa mnemba mwingine, yule wa kuandika muhtasari, aliyekaa kwenye kona ya skrini na jina lake dogo. Nikauliza: ankara hizi 41 ni za wasambazaji wangapi? Mhasibu mkuu akajibu kwamba hilo halihusiani. Nikauliza tena. Kukawa kimya, mtu akatafuta: msambazaji mmoja. Bidhaa ngapi? Moja. Nikaomba wanitumie jedwali. Akasema wameshalituma kwenye tiketi, nami nikaangalia, nikaona picha ya skrini iliyokatwa safu mbili za mwisho. Nikaomba lililo kamili. Likaja baada ya dakika ishirini, na muda huo wote hakuna aliyetoka kikaoni. Tulikaa tu tukisikiliza kibodi ya mtu asiyezima kipaza sauti.

Lilipofika, sikuangalia idadi. Niliangalia safu ya tofauti. Asilimia 20. Asilimia 20. Asilimia 20. Chini mpaka mwisho, bila hata moja kupinda.

Tofauti za kweli hazina nidhamu namna hiyo. Mzigo ukipungua njiani utaona 3, utaona 7, utaona 1.4. Lakini 20 kavu mara 41, hiyo ni hesabu imejificha mahali. Nikamwomba mhasibu mkuu namba ya ghala. Akauliza ghala linahusikaje na ankara. Nikasema linahusika. Akanipa namba kwa sauti ya mtu anayekabidhi fimbo ya kujipigia.

Nilitoka kikaoni nikapiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, nikamwambia nina swali moja la kipuuzi: katoni ya bidhaa ile ina pisi ngapi?

"Ishirini."

"Una uhakika, mzee wangu?"

Hakujibu. Nikasikia hatua, mlango, kisha gundi ya karatasi ikichanika. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mimi upande wa pili nikahesabu naye kimoyomoyo. Alipofika ishirini akagonga boksi. "Tupu. Zamani zilikuwa ishirini na nne. Zimebadilika wiki tatu sasa. Niliandika kwenye kitabu changu."

Kwenye mfumo, katoni moja ni pisi 24. Ghala linapokea kwa pisi, oda na ankara zinakuja kwa katoni. Oda ilikuwa katoni 100. Zikaja katoni 100 kweli, mzee akahesabu pisi 2,000, akaingiza 2,000. Mfumo ukagawa kwa 24, ukapata katoni 83 na kitu. Ankara inasema 100. Ukilinganisha na hizo 83 na kitu, imezidi kwa asilimia 20 barabara. Nani kakosea? Hakuna aliyeandika uongo hata mmoja.

Kijana wetu wa timu, ambaye ana akili nyingi na vidole vyepesi, alikuwa ananisikiliza. "Basi kumbe rahisi zaidi," akasema. "Tusiguse kiwango. Tubadilishe kigawanyo, 24 iwe 20, tusahihishe na zile oda zilizoko wazi, tumemaliza." Nami, niseme ukweli, nilishafungua ukurasa wenyewe. Ilikuwa imefika saa 7 na ushee, macho yanawaka, wanane wananisubiri. Ankara zingepita zote. Mhasibu angefurahi. Tungesema tumepata chanzo.

Kilichonizuia ni safu ya bei, ambayo niliiona kwa bahati tu kwa sababu iko jirani. Bei kwa katoni: ile ile. Haijashuka hata senti.

Maana yake, aliyeagiza katoni 100 alidhani ananunua pisi 2,400. Amepata 2,000 kwa fedha ya 2,400, na kila pisi imepanda asilimia 20 bila mtu kusema neno "bei". Ukipandisha kiwango, unalipa. Ukibadilisha kigawanyo, unalipa, tena vitabu vinakaa safi zaidi. Ule mzuio uliomkera mhasibu mkuu tangu asubuhi ulikuwa unafanya kazi niliyouseti ufanye, miaka minne iliyopita, kwenye chumba kisicho na dirisha, na watu wawili wakinibishia kwamba asilimia 2 ni ukali usio na maana.

Nikarudi kikaoni nikaeleza. Nikamwuliza mkuu wa manunuzi: haya mabadiliko ya katoni mlikubaliana na msambazaji?

Kimya. Si kile cha mtu kutafuta jedwali. Kipaza sauti chake kiliwaka, kikazima, kikawaka.

"Ilikuja barua pepe," akasema hatimaye. "Ilikuwa na kichwa cha habari cha ufungashaji mpya."

Mhasibu mkuu ndiye aliyevunja ule ukimya. "Kwa hiyo mfumo hauna tatizo?"

"Hauna, dada."

"Sasa mimi ankara zangu nazifanyaje?"

Swali halali, na jibu lake halimo kwenye jedwali lolote ninaloweza kujaza. Wazungumze na msambazaji. Kama bei mpya imekubaliwa, waandike mkataba, ndipo tufungue kipimo kipya cha katoni ya 20 kando ya kile cha zamani, maana oda za nyuma zilibeba 24 na zibaki na historia yake. Kama haijakubaliwa, ankara zikae palepale zilipo. Hakuna aliyenishukuru. Mkuu wa manunuzi aliaga akisema ana kikao kingine.

Sikula mchana huo. Baada ya hapo saa sikuziangalia vizuri. Kuna mtu alifungiwa nywila mara tatu. Kuna meneja aliyeondoka likizo bila kukabidhi idhini zake, oda za idara nzima zikamsubiri yeye. Kuna mshauri mmoja aliyetaka kujua kama mnemba anaweza kuhamisha mipangilio yote ya mfumo wa zamani kwenda mpya peke yake. Nikamwambia anaweza kuhamisha mingi, ila hataweza kumwambia ni ipi iliwekwa kwa sababu na ipi iliwekwa na mimi saa tano usiku nikitaka kwenda kulala. Alidhani natania. Kwenye mfumo ule ule kuna msimbo wa kodi unaoitwa "MUDA2". Ni wangu. Wa muda wa kwanza sijui uliishia wapi.

Jua limeshazama nikafungua tiketi ya asubuhi niifunge. Mfumo wa tiketi unataka uchague chanzo, na machaguo ni matatu: kosa la mfumo, kosa la mtumiaji, ombi jipya. Niliyatazama muda mrefu kuliko inavyostahili. Kabla sijachagua, tiketi ikafungwa upande wa mteja. Kosa la mfumo. Alama za huduma: mbili kati ya tano.

Nimeshafunga kompyuta, karibu saa 4 usiku, simu ikalia mlio wa barua pepe. Muhtasari wa kikao, umeandikwa na yule wa kumi, umetumwa kwa wote tisa na mabosi wao. Umepangwa vizuri, kila mtu na jina lake. Chini, kwenye maazimio, la kwanza: kikao kimekubaliana kupandisha kiwango cha tofauti ya idadi kutoka asilimia 2 hadi 20, mhusika, mimi. Na kwa kuwa siku hizi muhtasari umeunganishwa moja kwa moja na maombi ya mabadiliko, ombi lilishafunguliwa, lilishapata idhini mbili, linasubiri yangu tu.

Nikafungua kompyuta tena. Nikakataa ombi. Mfumo ukaniambia niandike sababu, isizidi herufi 40.

Nikaandika: "Pigeni simu ghalani."