Tezi Chini ya Sikio

Tukuyu, usiku. Mvua haijakatika tangu saa tisa alasiri.

Leo nimeitwa upande wa Kiwira. Ndama jike wa miezi mitano, chotara wa Friesian, kwenye banda la mabanzi nyuma ya migomba. Mama mwenye ndama alinipokea na mwavuli, akaniambia hajala tangu jana na masikio yamelegea. Sikumgusa ndama mara moja. Chuoni tulizoezwa kusimama pembeni kwanza, tumtazame mnyama anavyopumua, anavyoweka miguu, kinyesi chake kilivyo, maana ukishamshika anaogopa na kila kitu kinabadilika. Kisha nikapeleka vidole chini ya sikio la kushoto. Tezi imevimba, imejaa kiganjani kama yai la kuku. Kipimajoto kikasoma 40.9.

Ndigana kali, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Nimeandika kwenye daftari, lakini tangu hapo kichwani ninaye Neema.

Neema alikuwa ng'ombe wetu wa kwanza wa maziwa, nikiwa darasa la nne. Alikufa asubuhi moja akiwa amenyoosha shingo, kinywa wazi, povu jeupe likimtoka puani. Wiki chache kabla, jirani yetu alikuwa ameomba akopeshwe ndama atakayezaliwa, Baba akakataa. Basi lile povu likapata maelezo: ng'ombe amerogwa. Nyumba mbili zilizokuwa zikiombana chumvi zikaacha kusalimiana. Hatukwenda msibani kwao, wao hawakuja kwetu. Kwa Wanyakyusa, kutokwenda kumzika jirani ni jambo zito kuliko tusi lolote.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nasomea udaktari wa mifugo. Masomo ni miaka mitano, na mengi yake nimeshayachanganya. Siku moja kwenye chumba cha kuchunguzia mizoga aliletwa ng'ombe aliyekufa usiku. Mwalimu akapasua koo la hewa kwa urefu. Ndani kulikuwa na povu lile lile, jeupe, limejaa mpaka kwenye mapafu, na mapafu yenyewe yamelowa maji. Wenzangu wakaandika. Mimi nilishindwa kushika kalamu. Nilikuwa nimemwona Neema kwa ndani.

Mwalimu akaeleza taratibu. Kupe wa kahawia, anayependa kukaa masikioni, ndiye anayebeba kimelea kiitwacho Theileria parva. Akimnyonya ng'ombe mgonjwa akiwa mchanga, anakibeba hadi hatua yake inayofuata ya ukuaji, kisha anakipanda kwa ng'ombe mwingine. Kimelea kinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo, karibu kama saratani. Ndiyo maana tezi ya chini ya sikio, iliyo jirani na mahali kupe alipouma, huvimba mapema. Mwishoni mapafu yanajaa maji na mnyama anazama akiwa amesimama nchi kavu.

Kuna jambo moja kwenye maelezo yale ambalo mpaka leo linanichoma. Kupe hapitishi kimelea dakika ile anayouma. Huhitaji kunyonya siku kadhaa kwanza. Kumbe zile siku zilikuwepo. Bomba la kunyunyizia dawa, tena kwa ratiba isiyokatika masika kama haya, lingemwokoa Neema. Naamini kwa moyo wote kwamba josho linalofanya kazi kijijini lina thamani kuliko dawa zote nilizobeba kwenye begi langu. Ipo pia chanjo: ng'ombe anachomwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, kwa siku ile ile, na kinga yake hudumu miaka mingi. Lakini lazima isafirishwe ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na bei yake si ya mama mwenye ndama mmoja.

Likizo ile nilipofika nyumbani nilimweleza Baba yote, mpaka koo lilivyopasuliwa. Alikuwa anakata mabingobingo. Akaacha panga, akakaa juu ya mzigo wa majani.

"Aliteseka, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba. Aliteseka."

Hakuuliza habari za jirani, nami sikumtajia. Yule mzee alikuwa ameshazikwa mwaka mmoja kabla. Baba hadi leo akienda sokoni anapita njia ya chini, ile ndefu, ili asikatize mbele ya mji wao. Mimi napita ya juu, nasimama, nasalimia. Mjane wake ananiita "daktari" na kunifungia ndizi.

Kwa ndama wa leo nimechukua majimaji ya tezi, nikayapaka kwenye kioo kwa ajili ya darubini, lakini sikungoja majibu. Buparvakwoni, dawa ya ndigana, huokoa ikiwahi. Mapafu yakishaanza kujaa, inachelewa. Nimemchoma shingoni, ndani ya msuli. Kisha mimi na yule mama tumemkagua masikio yote mawili kwa tochi ya simu, tukawatoa kupe kumi na mmoja. Alikuwa anawahesabu kwa sauti. Aliponisindikiza akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akaniuliza kama usiku amfunike gunia. Nikamwambia amfunike, na amwekee maji karibu.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi narudi kupima joto.