Karakana juu ya jamvi: kumbukumbu ya mradi wangu, hatua ya zege

Zege limemwagwa. Karakana yangu ya useremala hapa Kibaha, mita 5 kwa 4, haina kozi za tofali chini ya ardhi. Jamvi, yaani bamba la zege lililotandazwa juu ya ardhi, lenyewe ndilo sakafu na ndilo msingi: katikati unene wa sentimita 10, na pembezoni kote, ukuta utakapokaa, linashuka hadi 30, likiwa na nondo na ringi (vyuma vilivyokunjwa vya kuzifunga nondo) ndani.

Majirani wameuliza sana msingi uko wapi. Nimewajibu kwamba hata Levittown, New York, nyumba za watu zilizoanza kujengwa mwaka 1947 kwa maelfu ziliwekwa juu ya jamvi namna hii.

Kilichonipa uhakika ni udongo. Kiwanja changu ni kichanga, hupitisha maji na hakivimbi. Ungekuwa ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nisingethubutu, maana jamvi lingepandishwa na kushushwa mpaka likatike. Anayetaka kujenga hivi achimbe kwanza shimo aone anachokalia.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa kabla ya zege, na ndiyo niliyoisimamia kwa wivu. Tuliondoa udongo wote wa juu wenye mizizi, kwa sababu mizizi ikioza huacha uwazi. Ikafuata moramu (udongo wa changarawe), sentimita 15 kwa tabaka; kila tabaka lilinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine kumwagwa. Bomba la maji na la nyaya za umeme vikalazwa mapema, kwani baadaye ni kuvunja tu. Kisha dawa ya mchwa, nayo tuliizidisha makini kuzunguka mabomba, maana mchwa hupenda kupandia hapo. Juu yake mchanga laini kidogo, halafu nailoni nzito, maungio yakipishana sentimita 30, ili unyevu usipande sakafuni.

Uwiano wa saruji, mchanga na kokoto ulikuwa 1:2:4. Zege lote ni kama mita 3 za ujazo, saruji mifuko 20. Vijana walitaka kuongeza maji ili litiririke vizuri kutoka kwenye toroli. Fundi akakataa katakata, nami nikafurahi: maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na zege hupoteza nguvu.

Uso wa sakafu umekaa sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Hapo sikubali kupunguza hata kidole, kwani jengo lililokaa chini namna hii adui yake ni maji ya mvua. Ardhi inayolizunguka nimeiinamisha ielekee mbali na ukuta.

Sasa jamvi limefunikwa magunia, tunalimwagilia asubuhi na jioni, wiki nzima. Likishakomaa tunaanza tofali, na mabati pamoja na mifereji yake viwe juu kabla ya vuli.