Anayepangiwa zamu hajitolei

Kwenye redio, studio za video na ofisi za matangazo hapa Tanzania, neno ni moja: kujitolea. Kijana kamaliza chuo, anaomba kazi, anaambiwa nafasi hakuna ila aje ajitolee, "tutaangalia huko mbele". Neno lenyewe ni zuri, na hapo ndipo linapouma. Kujitolea ni kwenda kuchimba msingi wa zahanati ya kijiji. Kukata vipande vya sauti vya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, siku sita kwa wiki, ni kazi.

Tupige hesabu. Chukulia mtu anatoka Mbagala kwenda Mikocheni, magari mawili kwenda na mawili kurudi: nauli 2,600, chakula cha mchana 3,000, bando 1,500. Hiyo ni 7,100 kwa siku. Kwa siku 26 ni 184,600, na kwa miezi sita ni 1,107,600. Anatoa nani? Mama, kaka, mjomba mwenye duka. Kwa hiyo jicho la picha na sikio la sauti havitoshi. Sharti uwe na ndugu wa kukubeba nusu mwaka. Aliyetoka Kigoma na hana shangazi Dar ameshachujwa kabla hajashika kamera. Halafu tunashangaa vipindi vyote vinaongea kama vimetoka mtaa mmoja.

Watasema hayo ni mafunzo. Mafunzo ya kweli hayajifichi. Yana barua ya chuo, kitabu cha kumbukumbu za kila siku, msimamizi anayekaa na mwanafunzi na kusaini, na tarehe ya mwisho. Ukitaka kujua tofauti, uliza hivi: huyu asipokuja kesho, kuna kitakachokwama? Kama kipindi kitayumba na ratiba ipangwe upya, basi ofisi inamtegemea.

Tazama siku ya kurekodi tangazo. Asubuhi huyu "anayejitolea" amebeba taa na stendi kama wenzake. Jioni wenzake wanaenda kula, yeye anabaki na memori kadi nne. Kila kadi inakiliwa kwenye diski mbili, faili zinafunguliwa kuhakikisha zinacheza, ndipo kadi ifutwe. Kadi ya GB 64 kwenye kisoma kadi cha kawaida hula zaidi ya nusu saa kwa nakala moja. Nakala ni nane, kwa hiyo ni saa nne na ushee, usiku. Faili moja ikiharibika atagombezwa yeye. Lawama ni za mwajiriwa, malipo ni ya mgeni.

Sheria ya Tanzania Bara inasema jambo ambalo vijana wengi hawajawahi kuambiwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa: anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa, anamtegemea huyo kiuchumi, anamfanyia kazi huyo mmoja tu, ni sehemu ya taasisi, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Zamu ya saa tisa, siku sita, inavuka hapo ndani ya wiki moja. Mwenye studio anaweza kuipinga dhana hiyo kwa ushahidi kwamba mtu huyo si mwajiriwa, na kwa mwanafunzi mwenye barua ya chuo hoja yake huwa na nguvu zaidi. Kwa mhitimu aliyewekwa kwenye ratiba ya zamu, atakuwa na kazi ya kueleza.

Wengi hukwama kwenye ushahidi na muda. Maelekezo hutolewa kwa simu, simu inaibiwa, kilichobaki ni neno lako dhidi ya la bosi. Anza siku ya kwanza. Nunua daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi, aliyeituma. Piga picha ratiba ya zamu ikibandikwa. Ukipewa kazi kwa mdomo, jibu kwa meseji: "Nimepokea, tangazo la sekunde 30, mwisho kesho saa 4 asubuhi." Kila mwisho wa mwezi jitumie mazungumzo hayo kwa barua pepe. Usiogope kwamba huna mkataba. Kwenye shauri, mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye.

Shauri linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu Na. 1. Unampa mwajiri nakala kwanza, kisha unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukiachishwa, una siku 30. Madai mengine, ikiwemo malipo, ni siku 60 tangu mgogoro utokee. Wengi husubiri ahadi ya "mwezi ujao" mpaka siku zinapita, na hapo lazima kuomba kwanza kuongezewa muda kwa sababu nzito.

Kuna na suala la jina kwenye kazi. Aliyetunga muziki, aliyechora nembo, aliyeandika skripti ana haki ya kutambulishwa kwa jina chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mhariri na msaidizi wa kamera wadai kwa makubaliano, kabla ya kazi kutoka: jina litaandikwaje, na je, unaruhusiwa kuonyesha kipande hicho unapoomba kazi kwingine? Ukiuliza baada ya video kupanda YouTube, umechelewa.

Na wewe mwenye studio ndogo ambaye kweli huna fedha: punguza unachodai. Siku mbili kwa wiki, wiki nane, nauli na chakula vilipwe jioni ileile, mtu mmoja wa kumfundisha kwa jina, na kazi ya mteja anayelipa asiiguse peke yake. Akianza kuigusa peke yake, mpe mkataba wiki hiyohiyo.