Kitulo mwezi wa saba: nililala na joto, shemeji akaja usiku

Kila niliyemwambia naenda kulala kwenye hema Kitulo, hifadhi ya taifa kule nyanda za juu kusini, mwezi wa saba alinipa ushauri, na karibu wote ulikuwa wa kuniua. Jamaa mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, alitaka niingize jiko la mkaa ndani ya hema, nifunge zipu. Jamani! Mkaa unaua watu kwenye nyumba zenye madirisha, sembuse hema. Ile sumu yake haina harufu, unasinzia tu, ndiyo basi. Mwingine akasisitiza pombe kali. Pombe inaleta joto kwenye ngozi na huko huko linapotelea. Usiku wa manane unalipa deni.

Tulikuwa mimi, mume wangu na mdogo wake. Huyu shemeji kakulia Uyole, kwa hiyo baridi anaijua yeye peke yake Tanzania nzima. Chimala tukapanda Noah, tukaikwea Hamsini na Saba, ile barabara ya mlimani yenye kona hamsini na saba, naye shemeji akazihesabu zote kwa sauti mpaka abiria wakamwomba apumzike. Usafiri ndio uliomaliza hela. Kiingilio hakikuniuma.

Wengi huenda Kitulo kati ya Desemba na Aprili, wakati hiyo Bustani ya Mungu, kama wanavyoiita, imejaa maua. Julai maua ya okidi sahau. Unakuta nyasi kavu, anga safi na uwanda ulio mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, usio na tope. Mimi na tope hatuelewani.

Sasa hema. Shemeji aling'ang'ania kibonde kilicho karibu na kijito: "Huku upepo haufiki, shem." Ni kweli, haukufika. Nikamwambia hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama bondeni kama maji. Akacheka, akapiga hema lake huko. La kwetu nikalipandisha kidogo mtelemkoni, ndani ya eneo lile lile la kambi. Hata usingizi haujakolea, nikasikia mtu anahema nje. "Shem, mna nafasi?" Kajifunga blanketi kichwani, meno yanagongana, na maneno mengi yote yameisha. Asubuhi hema lake lilikuwa limekakamaa kwa barafu, na kandambili alizoacha mlangoni zilikuwa zimeshikana na nyasi, akazing'oa kwa mkono. La kwetu lilikuwa na umande tu. Nilipiga picha, naye anajua ninayo.

Ujanja wangu mwingine ulikuwa chupa ya maji ya shule ya mwanangu. Iwe ya chuma tupu, siyo ile inayotunza joto, maana hiyo joto lake itabaki nalo yenyewe. Nilichemsha maji, nikajaza, nikaigeuza kichwa chini kuona kama inavuja (usiruke hapa, begi la kulalia likilowa umekwisha), nikaivalisha soksi mbili za sufu. Kwanza iliwekwa miguuni, baadaye nikaipandisha katikati ya mapaja, pale mishipa mikubwa inapopita. Alfajiri maji yalikuwa bado vuguvugu, nikanawia uso huku wenzangu wanayaogopa ya kijitoni. Soksi za kulalia ziwe kavu, siyo zile ulizotembea nazo.

Na blanketi la ziada litandikwe chini! Watu wanajifunika matatu huku mgongo umelala kwenye ardhi ya baridi. Sisi tulikuwa na sponji na mkeka. Usifikirie kukata nyasi utandike, askari wa hifadhi hawana mchezo, na wana sababu. Hifadhi hii ilitangazwa 2005 kwa ajili ya mimea yake, wakati viazi vya okidi, yaani chikanda, vilikuwa vinachimbwa na kupelekwa Zambia.

Ushauri pekee wa maana aliutoa mama mmoja muuza viazi Matamba. Nilimwamkia, akaangalia mzigo wetu, akasema, "Mwanangu, hayo maharage mabichi rudi nayo." Kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91, kwa hiyo maharage yatakula mtungi wako wote wa gesi na bado yatagoma. Tukanunua viazi vyake na karanga. Karanga kula kabla ya kulala, mwili upate cha kuchoma.

Safari ijayo tunataka kuvuka Milima ya Livingstone tushuke hadi Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Ni mteremko wa mita zaidi ya 2,000 kwa miguu, mwongozaji ni lazima. Shemeji anasema njia anaijua.