Wewe U Upande wa Nani?

Neno: Yoshua 5:13-14, Matendo 6:1-7

Wapendwa, karibu na Yeriko Yoshua alimwona mtu ana upanga wazi mkononi, akamuuliza swali ambalo mashamba ya maua ya Naivasha na wodi za Kisumu hulisikia kila zamu: u upande wetu, au wa adui zetu? Akajibiwa, "La."

Jibu hilo hutushinda. Kuna aliyelelewa kwamba ndugu akigombana unasimama naye kwanza, makosa yake mtayaongea nyumbani, ukinyamaza umemtupa. Mwingine amefunzwa kwamba wakubwa wakikorofishana, adabu ni kuinamisha kichwa. Wakipangwa zamu moja, huyu anaitwa mchochezi, yule mnafiki. (Tusikimbilie kutaja kabila. Nyumba moja hulea wote wawili.) Halafu kuna lugha: mnaongea Kiswahili saa ya chai, ghafla wawili wanahamia lugha ya mama. Wa tatu, hata kama hakusengenywa, ameshajiona yuko nje.

Yerusalemu pia palinuka hivyo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakafuata mstari wa lugha. Mitume walikusanya watu wote, wakachaguliwa saba. Soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani!

Mwenzako akikuletea kesi, "pole" inatosha. "Uko sawa" ingoje, maana Mithali 18:17 yasema wa kwanza kujitetea huonekana ana haki. Msikilize wa pili siku hiyohiyo. Andika tarehe, zamu, na maneno uliyosikia kwa masikio yako. Ya kuambiwa yaache. Mathayo 18:15 yataka wawili waonane kwanza, lakini penye kipigo au kushikwashikwa, usimrudishe mtu peke yake kwa aliyemuumiza. Hayo yaende ofisini.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, yataka mfanyakazi asikilizwe kabla ya kufutwa kwa utovu wa nidhamu, na anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiombwa, nenda, hata ukiona amekosa. Kazi yako pale ni kuona kwamba amesikilizwa, si kuapa kwamba hana hatia. Ukiulizwa ulichoona, utasema, hata kikimchoma. Mwambie hivyo mapema, kabla hamjaingia ndani.