Nimerudi Tanga, na bado nasema mcheza mieleka anaweza kuwa shujaa wa taifa

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nimerudi nyumbani Tanga, miaka yote hiyo nilikuwa Japani, Kawasaki, kwenye yadi za magari. Sasa juzi barazani vijana wanaangalia mieleka kwenye simu nikawaambia kule kuna mcheza mieleka anaheshimiwa kama baba wa nchi, wee, walinivaa! Eti yale maigizo, mshindi anajulikana mapema. Mjomba akasema shujaa ni aliyepigana Kagera, basi. Mjomba namheshimu ila hapa hapana, ngoja nieleze.

Jamaa anaitwa Rikidozan. Japani imepigwa vita 1945, miji imeungua, Wamarekani wakakaa pale wanaamua kila kitu mpaka 1952, yaani mtu mzima anatembea kwao kainamisha kichwa. Februari 1954 Rikidozan na mcheza judo Kimura wakapanda ulingoni na ndugu wawili, akina Sharpe, majitu ya kizungu. TV ndiyo kwanza imeingia, nani wa kuinunua, kwa hiyo ziliwekwa barabarani na pale stesheni ya Shimbashi watu walifurika hawana pa kukanyaga, wote macho kwenye kale kaskrini, na Rikidozan kila akizidiwa ananyoosha kiganja, vidole vimebana, anashusha ubavu wa mkono kifuani kwa mzungu, pah! mzungu anarudi nyuma, watu wanalipuka. Hao Sharpe kwao Kanada kabisa lakini pale nani alijali, waliwaona Wamarekani.

Haya, matokeo yamepangwa, nakubali. Ile furaha ya Shimbashi nayo nani aliipanga? Watu waliokuwa na aibu ya miaka tisa walipiga kelele pamoja, wasiojuana, na hiyo haikuwa maigizo.

Ila kuna kitu kinaniuma mpaka leo. Rikidozan hakuwa Mjapani wa kuzaliwa, ni Mkorea, jina lake Kim Sin-rak, kaja kucheza sumo, ile mieleka ya jadi ya Kijapani, enzi Korea ikiwa koloni la Japani. Mashabiki waliambiwa kazaliwa Nagasaki na maisha yake yote hilo likafichwa. Mimi niliyeishi kule mgeni najua mtu anavyopima kila neno ili asionekane wa kuja, sasa huyu kabeba furaha ya nchi nzima huku kameza kwao. Kwangu mimi hilo linamuongezea ushujaa, halimpunguzii.

Desemba 1963 alichomwa kisu klabu moja ya usiku Tokyo, wiki moja akafa, miaka 39 tu. Kaburi liko hekalu la Ikegami Honmonji, si mbali na Kawasaki, nilikuwa naenda. Unapanda ngazi 96 za mawe, ukifika makaburini unakuta sanamu yake ya shaba, na mara nyingi nilikuta maua mabichi, na wazee waliokuwa watoto enzi zile wamesimama wanainama.

Na Korea Kaskazini nao wanamuita wao! Mwaka 1995 mwanafunzi wake Antonio Inoki alipeleka mieleka Pyongyang, siku mbili uwanja umejaa, wakati serikali ya Japani na ya Korea Kaskazini hazina hata ubalozi. Kilichompa nafasi ya kuingia ni jina la mwalimu wake, yuleyule mtu wa maigizo.